Chuma Kilichomo Chunguni na Chuma Kinachofika Kwenye Damu

Kusini mwa Nigeria, mwanamke aliyetoka kujifungua au mtu aliyepoteza damu nyingi hakosi jirani wa kumletea maji ya ugu. Ugu ni mmea wa jamii ya maboga unaolimwa kwa ajili ya majani na mbegu zake. Majani huoshwa, hukatwakatwa, hufikichwa kwa mikono ndani ya bakuli mpaka maji yawe ya kijani kilichokoza, kisha huchujwa. Wengi humiminia humo maziwa ya kopo na kinywaji cha malti, mgonjwa akanywa kikombe kizima, na wauguzaji wake wakaamini kwamba damu imeanza kurudi.

Imani hiyo ina msingi wake. Majani ya ugu yana madini ya chuma, yana foleti, na yakiwa mabichi yana vitamini C. Ugumu unaonekana tunapopiga hesabu. Majani mengi ya kijani, yawe mchicha au majani ya majimbi ambayo Waghana huyaita kontomire, hubeba kama miligramu 2 hadi 4 za chuma katika gramu 100. Katika mlo wa nafaka na mboga, mwili huchukua labda asilimia 5 hadi 10 ya chuma hicho. Basi kwenye sahani yenye miligramu 3, kinachoingia mwilini ni kati ya miligramu 0.15 na 0.3. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji kufyonza karibu miligramu 1.5 kwa siku, na mjamzito wa miezi ya mwisho anahitaji 5 au zaidi. Aliyepoteza nusu lita ya damu ameondokewa na zaidi ya miligramu 200. Kikombe kile, hata kikinywewa kila asubuhi, hakiwezi kuziba pengo hilo peke yake. Maziwa nayo hayasaidii, kwa sababu kalsiamu hupunguza ufyonzaji wa chuma.

Sisemi haya kwa kulidharau jiko la Afrika Magharibi. Kwa maoni yangu limebeba maarifa mengi kuhusu jambo hili, ila maarifa yenyewe hayako pale yanaposifiwa sana. Sehemu ya chuma cha nyama, maini na samaki huja katika umbo ambalo utumbo hulipokea kwa urahisi, asilimia 15 hadi 35. Chuma cha mimea hunaswa na fitati, kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi yake. Mahindi, uwele, mtama na kunde vyote vimejaa fitati. Mtu anaweza kula shibe ya nafaka kila siku na damu yake ikazidi kupungua.

Sasa itazame kenkey inavyopikwa Accra. Mahindi hulowekwa siku moja au mbili, husagwa yakiwa na unyevu, unga wake hukandwa na kuachwa uchachuke siku mbili tatu, kisha hufungwa kwenye maganda ya mahindi na kuchemshwa. Katika siku hizo za uchachu, bakteria hutengeneza asidi, na katika hali ya asidi kimeng'enya kilichomo ndani ya nafaka yenyewe huanza kuzivunja fitati. Chuma kilichokuwa kimefungwa kinaachiwa. Halafu kenkey huliwa na samaki wa kukaanga, pamoja na pilipili, nyanya na vitunguu vilivyosagwa vibichi. Samaki, hata akiwa kipande kidogo, humsaidia mlaji kufyonza chuma cha mahindi, na vitamini C ya pilipili mbichi na nyanya hufanya vivyo hivyo. Sahani hiyo ya kawaida kabisa ya barabarani inamfaa mwenye upungufu wa damu kuliko maji mengi yenye sifa ya kuongeza damu.

Ogi ya Wayoruba, uji unaotokana na nafaka iliyochachushwa, inafuata njia hiyohiyo, lakini huchujwa, na makapi yanayotupwa huondoka na sehemu ya chuma. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa ogi tupu anashiba wanga. Unga wa samaki wakavu au kunde zilizoondolewa maganda na kusagwa ukiongezwa humo, uji unakuwa chakula kingine.

Yapo mazoea yanayovuta upande wa pili. Nchini Senegal, chakula cha mchana hufuatwa na ataya, chai ya kijani inayochemshwa juu ya makaa na kugawiwa kwa mizunguko mitatu. Chai inywewapo pamoja na mlo inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha mimea ambacho kingefyonzwa. Hakuna haja ya kuwanyima watu baraza lao. Kusubiri saa moja au mbili baada ya kula kunapunguza hasara. Magadi yanayotiwa kwenye kunde na mboga ili zilainike huharibu vitamini C. Nzu, udongo mweupe unaotafunwa na wajawazito wa Nigeria kama wanavyotafuna udongo wajawazito wa kwetu, unaweza kunasa chuma tumboni, na umewahi kukutwa na madini ya risasi. Huo ni wa kuachwa.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yanaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini Nigeria na Mali wana upungufu wa damu. Sababu yake si kukosa chuma kwenye chakula tu. Malaria huvunja chembe nyekundu, na wakati wa maambukizi ini hutoa homoni ya hepsidini inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Minyoo ya safura hunyonya damu. Mwenye selimundu ana upungufu wa aina nyingine, na kumrundikia chuma bila kipimo kunaweza kumdhuru. Utafiti wa Pemba, Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati, baada ya watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kulazwa hospitalini au kufa zaidi kuliko wenzao. Tangu hapo msisitizo umekuwa kwamba penye malaria, chuma cha ziada kwa watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Kwa hiyo anayetaka kuongeza damu aanze kwa kupimwa. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa kuwa na upungufu, na kidonge cha miligramu 60 za chuma humwingizia kwa siku moja kiasi ambacho majani hayawezi. Choo chake kitakuwa cheusi, na hilo lisimtishe. Kichefuchefu kikizidi, amwambie mkunga ili apunguziwe dozi au abadilishiwe vidonge, asiviache kimyakimya kama wengi wafanyavyo. Wakati huo samaki, uchachu na pilipili mbichi viendelee, maana ndivyo vitakavyomlinda dozi ikishakwisha. Na kama mwezi umepita, amemeza vidonge ipasavyo na himoglobini haijapanda, atafutiwe malaria, safura, selimundu au damu inayovuja mahali pasipoonekana.