Baisikeli za Kisasa na Sitara ya Mpandaji

Jirani yangu mmoja alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, uso kaukunja, simu yake kaishika kama mtu aliyeshika barua ya deni. "Maalim," akaniambia, "hebu yatazame mambo haya." Nikatazama. Ilikuwa ni picha ya vijana, wake kwa waume, wamesimama na baisikeli zao kando ya bahari, wote wamevaa nguo za rangi kali zilizowanata mwilini kama ganda na ndizi. Binti yake, ambaye ametimu miaka 19, ataka baisikeli ili awe akitoka na wasichana wenzake baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali.

"Baisikeli simkatalii," akasema jirani. "Mimi mwenyewe nimekwenda nayo kazini miaka ishirini. Lakini nguo hizi, wallahi, haziingii nyumbani kwangu. Na vijana wanasema bila nguo hizi hakuna baisikeli. Ni kweli, Maalim?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe siku chache, nikazunguka madukani, nikakaa na mafundi chini ya miembe yao, nikauliza na kusoma. Haya ndiyo niliyorudi nayo, na nimeona niyaandike hapa, kwani najua jirani yangu hayuko peke yake.

UGOMVI SI WA LEO

Kwanza, ndugu msomaji, ugomvi wa nguo na baisikeli haukuzaliwa pwani hii, wala hatukuuzua sisi Waislamu. Baisikeli tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo uzungushao gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 kwa kazi ya Mwingereza John Kemp Starley katika mji wa Coventry. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hapo safari ikawa laini, na watu wengi wakataka kupanda. Wanawake wa Ulaya nao wakataka, na wakati huo walikuwa wakivaa marinda mapana yaliyofika vifundoni.

Basi waundaji walifanya nini? Ni kweli wako wanawake waliobadili mavazi. Lakini waundaji nao walikigeuza chombo. Walilishusha lile bomba la juu la fremu ili mpandaji asilazimike kurusha mguu. Wakaufunika mnyororo. Wakafuma nyuzi kutoka kwenye madigadi ya nyuma hadi katikati ya gurudumu, ili rinda lisinaswe na spoku. Kwa maneno mengine, chombo kilifuata nguo. Mpaka leo katika Uholanzi, nchi ambayo baisikeli zake ni nyingi kuliko watu wake, utaona baisikeli za mjini zimefunikwa mnyororo wote mbele na nyuma, na mwenye koti refu au gauni hupanda akashuka bila ya doa.

Na sisi tuliosoma chuoni twalijua jambo hili tangu udogo. Nani kati yetu hakuwahi kuliwa kanzu na mnyororo? Baisikeli zetu zilikuwa zile nyeusi nzito, Raleigh ya Uingereza, Hero ya Bara Hindi au Phoenix ya Uchina, na kifuniko cha mnyororo kikishakatika hakirudishwi tena. Mtoto huikunja kanzu kiunoni, akifika kwenye kona hufunguka, na upindo huingia kwenye meno. Kurudi nyumbani na kanzu ya Ijumaa yenye mafuta meusi ni jambo ambalo mtu halisahau hata akiota mvi.

BAISIKELI NI AINA AINA

Pili, vijana wanaposema "baisikeli ya kisasa" huchanganya vitu vitatu. Iko ya mashindano: fremu yake ni ya kaboni au aluminiamu, usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi ni membamba, haina madigadi wala kifuniko. Iko ya milimani na njia za vumbi, yenye matairi mapana na pengine springi mbele. Tena iko ya mjini, ambayo mpandaji hukaa wima, yenye karia, taa, madigadi na kifuniko cha mnyororo.

Nguo za kunata zina sababu yake, na haki ni kuitaja. Mpandaji wa mashindano hushindana na upepo kuliko anavyoshindana na wenzake. Ukiongeza mwendo wako maradufu, upepo hukuzuia mara nne. Nguo pana inayopepea kwa mtu aendaye kilomita 40 kwa saa ni kama tanga lililofungwa kinyume. Lakini kwa mtu aendaye kilomita 15 kwa saa, akitoka mtaani kwenda baharini na kurudi, tofauti yake ni ndogo mno. Basi yule asemaye kuwa bila nguo hizo hakuna baisikeli ameyachukua ya mashindanoni akayafanya sharti la kila mtu.

Na hata mashindanoni kwenyewe sharti hilo halikumzuia kila mtu. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alishiriki msichana wa Afghanistan, Masomah Ali Zada, katika timu ya wakimbizi. Kwao Kabul alikuwa akitukanwa na kupigwa mawe kwa sababu ya kupanda baisikeli, mpaka akahamia Ufaransa mwaka 2017. Siku ya mbio alikwenda kilomita 22 peke yake mbele ya macho ya dunia, mtandio wake umekaa chini ya helmeti, mikono na miguu imefunikwa. Hakushinda, alikuwa wa mwisho. Lakini alifika, na hakuvua kitu.

NGUO, KIPANDE KWA KIPANDE

Tatu, nikamwambia jirani tuziangalie nguo hizo kipande kwa kipande, tujue kila kimoja kimeshonewa nini.

Ile suruali ya kunata ina pedi iliyoshonewa mahali pa kukalia, ili kiti kisimchubue mpandaji. Faida iko kwenye pedi, wala hakuna sharti kwamba ionwe na watu. Waweza kuivaa ndani na juu yake ukavaa suruali pana, na wapandaji wengi wa milimani, hata wasio Waislamu, hufanya hivyo. Nalisema hili kwa vijana wa kiume pia, maana tumezoea kuyasema mavazi ya binti na kuyasahau ya kijana. Uchi wa mwanamume, kama tulivyosomeshwa katika madhehebu yetu ya Shafii, ni baina ya kitovu na magoti, na suruali ya mashindano hukomea juu ya magoti.

Jezi ina mifuko mitatu nyuma, na kitambaa chake hukausha jasho upesi. Mikono yake yaweza kuwa mirefu. Mfuko mmoja, nawanasihi vijana, utie kikoi chepesi. Adhuhuri ikikukuta njiani, utajifunga kikoi na kuingia msikiti wowote bila ya kujikunyata. Jasho si najisi. Lakini mafuta mazito ya mnyororo yakiganda mkononi huyazuia maji ya udhu yasifike ngozini, basi chukua na kipande cha sabuni.

Helmeti si pambo. Ndani yake mna povu gumu ambalo hupondeka badala ya fuvu lako, na likishapondeka mara moja kazi yake imekwisha; nunua nyingine. Ikae sawa juu ya kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe kidevuni. Kwa mwenye mtandio, achague kitambaa chembamba chenye kuvutika, kisicho na fundo nyuma wala pini chini ya helmeti, kwani mtu akianguka pini hiyo humchoma mwenyewe.

Na buibui? Hapa sitampendeza kila mtu, lakini nitasema kweli. Buibui pana juu ya baisikeli ya mashindano ni hatari, kwa sababu mnyororo na spoku ziko wazi. Tena ni jeusi, na alfajiri ya giza dereva wa matatu halioni. Dawa ya hayo ni kushona. Kanzu ya kike inayovuka magoti, yenye mpasuo pembeni, na suruali pana iliyofungwa vifundoni, vyote vya kitambaa chepesi cha rangi ya kuonekana: hayo fundi yeyote wa cherehani mtaani petu hushona. Juu yake avae kizibao chenye mistari inayong'aa kikipigwa na taa. Yu katika sitara yake, na dereva amemwona.

CHUMVI NA MNYORORO

Nne ni viungo vya chombo chenyewe, na hapa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui: chumvi ya bahari. Fremu ya chuma huliwa na kutu kutoka ndani. Ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini chumvi huila polepole ikatoa unga mweupe, hasa panapokutana na chuma, na bomba la kiti huganda ndani ya fremu likakataa kutoka. Kila miezi michache lichomoe, lipake grisi, ulirudishe. Ukitoka ufukweni, isuuze baisikeli kwa maji matamu, uifute, kisha utie mafuta kidogo kwenye mnyororo na kufuta yaliyozidi.

Mnyororo nao hupimwa, na kipimo chake kimo ndani ya nyumba zetu: futi ya fundi cherehani. Kutoka pini moja hesabu vipande 24. Mnyororo mpya utakupa inchi 12 kamili. Ukiona umezidi kwa sehemu moja katika 16 ya inchi, umelegea. Ubadilishe kabla haujayala meno ya gia, kwani bei ya mnyororo ni ndogo kuliko bei ya gia.

Ama gia, dunia imekwenda mbali. Kampuni ya Shimano ya Ujapani, iliyoanzishwa katika mji wa Sakai mwaka 1921 ikitengeneza friwili, leo inauza gia zinazobadilishwa kwa betri na waya. Nilimwonyesha picha yake fundi mmoja mzee. Akaitazama, akacheka, akasema, "Hiyo kompyuta, bwana. Mimi ni mtu wa spana." Maneno yake ni ya kuwekwa akilini. Kabla ya kununua, muulize fundi wa mtaani kwako ataweza kukifungua kitu gani. Vivyo hivyo kwa ule ukanda wa mpira unaotumiwa siku hizi badala ya mnyororo: hauli mafuta, haushiki kutu, hauchafui kanzu, na kwa pwani ungetufaa sana. Lakini wahitaji fremu inayofunguka, na ukikatika ukiwa Kilifi utaikokota baisikeli mpaka nyumbani.

Kiti cha ngozi na glavu, uliza ni ngozi ya mnyama gani. Viti vya Brooks vya Uingereza, kampuni ya tangu 1866, ni vya ngozi ya ng'ombe, lakini si kila ngozi iuzwayo ni ya ng'ombe, na kuuliza si aibu. Kisha pima kimo chako. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa; mguu ukinyooka, kiti kimekaa sawa. Mwenye kuumwa magoti kila Jumapili, mara nyingi si mzee wala si mgonjwa. Kiti chake tu ni kifupi.

ALIYOYAAMUA JIRANI

Niliyasema haya yote kwa jirani yangu barazani, naye akanisikiliza kimya. Mwisho akaniuliza swali moja tu: "Na mnyororo wake utafunikwa?" Nikamwambia utafunikwa. Akaondoka bila kuaga.

Wiki ya tatu, nikitoka msikitini alfajiri, nilisikia kengele nyuma yangu. "Shikamoo, ami!" Nilipogeuka alikuwa kesha nipita: baisikeli ya mjini isiyo na bomba la juu, si mpya lakini imepakwa rangi, mnyororo umefunikwa, kanzu ya samawati na kizibao cha kung'aa. Mlangoni babake amesimama na futi ya fundi cherehani begani, akitazama njia mpaka taa nyekundu ya nyuma ikapotea. Nami nikaenda zangu nikitunga ubeti huu, nimpelekee:

Chombo ukitaka panda, pima kwanza kimo chako,
Na nguo unayopenda, isivunje haya yako,
Mnyororo ukilinda, hauli upindo wako,
Salama utakokwenda, na salama rudi kwako.