Weupe katika Mboni: Tusingoje Mtoto Akue

Sisi wa Mbeya na Iringa tunamjua panya kama mwizi wa mahindi ghalani. Lakini panya yule mdogo wa nyumbani amewafundisha wataalamu jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua.

Wengi hudhani tunaona kwa macho tu. Sivyo. Jicho hupokea mwanga, na ubongo, katika sehemu iliyo kisogoni, ndio unaotambua kitu kiko wapi. Hapo pana mfano wa ramani: vitu vinavyokaribiana mbele yetu huamsha seli zinazokaribiana katika ubongo. Kilicho kushoto hupokelewa na nusu ya kulia ya ubongo, na cha kulia na nusu ya kushoto. Ndiyo maana aliyepata kiharusi aweza kukosa kuona upande mmoja, ingawa macho yake yote ni mazima.

Ubongo hujifunza kuyatumia macho utotoni. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliziba jicho moja la watoto wa paka. Lilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Kwa panya mwenye umri wa wiki nne hivi, siku chache za kuzibwa jicho zatosha kuleta badiliko hilo.

Kwa binadamu, muda huo ni miaka ya kwanza ya maisha. Mtoto wa jicho, ule weupe ndani ya mboni, huziba mwanga. Akizaliwa nao, mtoto aonwe katika wiki za kwanza. Akicheleweshwa, upasuaji waweza kulisafisha jicho lakini uoni usirudi vizuri. Tena, weupe huo waweza kuwa saratani ya jicho, inayoua. Makengeza nayo, yakiendelea baada ya miezi minne, si urembo, wala tusiseme yataisha akikua.

Jaribu nyumbani: ziba jicho moja la mtoto kwa kiganja, kisha la pili. Akilia au kusukuma mkono upande mmoja tu, huenda jicho lililobaki wazi halioni vizuri.

Twajua kwamba kutoka milima ya Rungwe au Kilolo nauli si haba, na shamba linangoja. Hata hivyo, anzeni kwenye zahanati, mwombe barua ya kwenda kwa daktari wa macho hospitali ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Shamba litalimwa hata mwakani, lakini utoto wa jicho haurudi.