Land Cruiser na Shamba la Mahindi

Wengi wetu tukisikia jina la Land Cruiser twafikiria wakubwa wa serikali na misafara yao. Kumbe siku hizi gari hilo limeingia hata katika vikao vya ukoo! Kwetu Taita, shemeji yangu ataka kuuza shamba lake la mahindi anunue moja kuukuu la aina ya 200, ile iliyotengenezwa tangu mwaka 2007 hadi 2021, ili jamaa wote wasafiri pamoja. Wazee wakaniomba maoni yangu.

Sikutaka kusema kwa kusikia tu. Tuliazima moja la dizeli, tukapanda watu saba kutoka Mwatate hadi Wundanyi. Mlima ule, msomaji, ni kona juu ya kona, na matatu huupanda ikihema kama mzee mwenye pumu. Injini hii ya lita 4.5, yenye silinda nane na turbo mbili, haikuhema. Nguvu yake ya kuvuta hutoka mapema, wakati injini bado yazunguka polepole, hivyo dereva hana haja ya kukanyaga mafuta hadi chini. Kuteremka ndiko kwataka adabu, kwani gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu.

Taabu iko nyuma. Viti vya safu ya tatu hukunjwa vikaning'inizwa ubavuni, na vikifunguliwa mizigo haina pa kukaa. Tena sakafu ya hapo iko juu, maana chini yake pana ekseli nzima. Mama mkwe hakuweza kupenya. Walikaa watoto, magoti karibu na kidevu, na gunia la viazi likapanda kwenye keria.

Aina ya 300, iliyotoka 2021, imeondoa kasoro hiyo: viti vyalala sakafuni, gari limepunguzwa kilo 200 hivi, na dizeli yake ya silinda sita yavuta kuliko ile ya nane. Lakini bei! Hata mashamba matatu hayatoshi.

Kwa mtu apitaye matope kila siku, sioni la kulishinda. Shemeji husafiri na jamaa Krismasi na mazishini tu.

"Shemeji," nilimwambia mbele ya wazee, "matatu ya kukodi haili shamba."

Akanijibu kwamba sisi watu wa mjini tuna wivu. Wazee wameomba wiki mbili. Mpaka naandika haya, shamba halijauzwa, na mahindi yamekwisha paliliwa.