Pamba, Kiu na Baridi: Kwa Nini Hakuna Jeni Moja ya Miujiza

Eneo la Lubbock, magharibi mwa Texas, ni kati ya sehemu zinazolima pamba nyingi zaidi Marekani. Wakulima wa huko wanapambana na maadui wawili. Mwezi wa Mei, wakati wa kupanda, udongo unaweza kuwa bado wa baridi, na mwezi wa Oktoba sakitu inaweza kuwahi kabla pamba haijakomaa. Katikati kuna ukame. Mwaka 2011, na tena 2022, zaidi ya nusu ya ekari zilizopandwa pamba Texas ziliachwa bila kuvunwa. Wengine humwagilia kwa maji ya Ogallala, hifadhi kubwa iliyo chini ya ardhi, lakini maji hayo yanavutwa haraka kuliko mvua inavyoyarudisha. Je, mmea wenyewe unaweza kusaidiwa kuvumilia?

Baridi kwenye mbegu

Pamba ni mmea wa nchi za joto. Chini ya nyuzi joto 15 hivi, karibu inaacha kukua. Mbegu ikifyonza maji kwenye udongo ulio chini ya nyuzi 10, utando unaozunguka seli zake hukakamaa, seli huvuja na mzizi huumia.

Sababu ni mafuta yaliyo ndani ya utando huo. Sisi tunaoishi ughaibuni tunalijua hili: mafuta ya nazi huganda kabatini wakati wa baridi, ya alizeti hayagandi. Pamba ina jeni ziitwazo FAD2, ambazo husaidia kutengeneza mafuta ya aina hiyo ya pili, na utando ukabaki laini.

Kiu ina gharama

Udongo ukikauka, homoni iitwayo ABA huongezeka na vitundu vidogo vya majani hufungwa. Maji yanaokolewa, lakini hewa ya kaboni dioksaidi nayo haiingii, kwa hiyo mmea hutengeneza chakula kidogo na kuangusha matunda machanga. Mmea unaweza kunusurika huku mkulima akikosa mavuno.

Kuna pia jeni zinazofanya kazi kama swichi. Kundi la CBF, lililogunduliwa miaka ya 1990 katika mmea mdogo wa Arabidopsis, huwasha jeni nyingine nyingi baridi inapofika. Ndugu zake wa kundi la DREB2 huitika wakati wa ukame. Kufanana huku si ajabu, kwa sababu barafu nayo huvuta maji kutoka ndani ya seli. Lakini swichi ikiwashwa muda wote, mmea hudumaa. Inafaa iwake shida inapokuja tu.

Mwaka 2011, watafiti wa Texas Tech, chuo kilichopo Lubbock, walitangaza kwamba pamba iliyopewa jeni AVP1 ya Arabidopsis ilitoa nyuzi zaidi kwa angalau asilimia 20 shambani bila kumwagiliwa. Ni hatua kubwa, lakini si mwisho wa safari. Uvumilivu wa ukame hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo: haba na haba hujaza kibaba. Tena pamba inayolimwa zaidi duniani, Gossypium hirsutum, ina kromosomu 52, kwa kuwa ilitokana na mimea miwili iliyokutana Amerika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mmoja wao ulikuwa wa ukoo wa pamba za Afrika na Asia. Kwa hiyo jeni nyingi zipo kwa nakala mbili, na kuzichambua ni kazi.

Na nyumbani je?

Simiyu, Shinyanga na Mwanza, pamba hulimwa na wakulima wadogo wanaotegemea mvua. Sakitu si tatizo lao. Tatizo ni mvua kukatika wiki chache baada ya mbegu kuota. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimezalisha mbegu kwa miaka mingi kwa kuchanganya aina na kuchagua, ikiwemo UKM08. Mbegu iliyofaulu Lubbock haiwezi kuhamishwa hivi hivi na kutegemewa ifaulu Bariadi. Udongo, wadudu na ratiba ya mvua ni tofauti, na mkulima wa ekari mbili hana akiba ya kubahatisha.

Kwa wenzetu mnaosoma baiolojia na kilimo: maarifa ya jeni yanavuka bahari kirahisi, lakini majaribio lazima yafanyike kwenye shamba la yule atakayepanda. Tunakaribisha maoni yenu kwa toleo lijalo, kwa Kiswahili, tafadhali!