Muulize Mwanao, Usinyamaze

Je, mzazi, mwanao akianza kujitenga, akikataa chakula, akigawa vitu avipendavyo na kusema yeye ni mzigo tu, utafanyaje? Wengi hunyamaza, wakidhani kutaja kujiua ni kumtia wazo hilo. Sivyo. Watafiti wamegundua kuwa kumuuliza waziwazi hakumtii wazo hilo, na huenda kukampa nafuu.

Wala usingoje mtaalamu akutabirie. Mnamo 2017, Joseph Franklin na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa tafiti 365 za miaka 50. Utabiri ulipita kubahatisha kwa kiasi kidogo mno.

Basi kinga ianzie nyumbani. Msikilize bila kumkemea. Ikiwa unaishi Kiritiri, ambako wengi hulima muguka na ndengu, zifungie kwa kufuli dawa za kunyunyizia mimea. Usimwache peke yake, mpeleke hospitalini.

Unaogopa polisi? Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Muulize leo.