Gari la Mtumba na Kodi Inayozaa Kodi

Wako akina mama wanaodunduiza miaka mingi, gari likifika Kilindini wakadhani ushuru hufuata bei waliyolipa Japani. Sivyo. Mamlaka ya Mapato huanzia bei ya gari hilo likiwa jipya nchini, ikapunguza uchakavu. Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, tangu Julai 2023, ni 350,000; ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini ndogo, hutozwa juu ya 1,350,000; kisha asilimia 16 ya ongezeko la thamani juu ya hayo yote. Jumla 879,200, na ada bado!

Dada anunuaye yadi za Barabara ya Ngong asitosheke kuambiwa “ushuru umelipwa”. Gari lililosamehewa ushuru kwa ajili ya mkaazi aliyerejea nchini hudaiwa ushuru likiuzwa. Atake hati za forodha kabla ya kutoa arbuni.