Malisho ya Ng'ombe Yaliyogeuka Uwanja wa Farasi

Ndugu msomaji, bila shaka unapajua mahali fulani mjini kwenu ambapo ulicheza mpira utotoni, na ambapo leo pana ukuta, geti na mlinzi. Kiwanja cha wazi ndani ya mji ni kitu ambacho kila mwenye fedha hukitazama kwa jicho la tamaa. Kwa hiyo Jumapili hii tumeona inafaa kukusimulia habari za uwanja mmoja ulio mbali nasi, katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Kwa karibu miaka 300 uwanja huo umekanyagwa na kwato za farasi wa matajiri, na hata hivyo haujaacha kuwa mali ya mji.

Uwanja wenyewe huitwa Knavesmire, na jina hilo halina fahari yoyote. Mwisho wake una maana ya kinamasi, na mwanzo wake, katika Kiingereza cha kale, ulimtaja mtu wa hali ya chini. Palikuwa ni bonde la matope nje kidogo ya mji, ambamo raia wa kata ya Micklegate walikuwa na haki ya kulisha ng'ombe wao.

Wenyeji wa York hupenda kudai kwamba farasi walishindanishwa mjini mwao tangu enzi za Warumi, alipofika huko Kaisari Septimius Severus. Huyu alikuwa mwana wa Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya ya leo, na alifia York mwaka 211. Habari za Severus na farasi tuziache ziwe hadithi ya barazani. Iliyoandikwa ni habari ya mwaka 1607, ambapo baridi ilikuwa kali hata mto Ouse ukaganda, na watu wa York wakapiga mbio za farasi juu ya barafu ya mto.

Mwanzoni mwa karne ya 18 mbio zilifanyika kwenye mbuga ya Clifton Ings, kando ya mto huo huo. Ubaya wa mbuga hiyo ulikuwa mafuriko. Ndipo wazee wa mji walipoamua kuhamia Knavesmire. Kinamasi kikachimbwa mitaro, vichuguu vikasawazishwa, na njia yenye umbo la kiatu cha farasi ikapatikana. Mbio za kwanza zilikimbiwa hapo mwaka 1731.

Usidhani, msomaji, kwamba watu walikwenda Knavesmire kwa ajili ya farasi tu. Hapo hapo ndipo ulipokuwa mti wa kunyongea wahalifu. Dick Turpin, mwizi mashuhuri wa farasi na mnyang'anyi wa njiani, alinyongwa hapo Aprili 1739, miaka minane tu baada ya uwanja kufunguliwa, na umati ulikusanyika kumtazama kama ulivyokusanyika kutazama mashindano. Kazi hiyo haikukoma hapo Knavesmire mpaka mwaka 1801.

Katika miaka ya 1750 wenye nacho waliona uchovu wa kusimama matopeni pamoja na wachunga ng'ombe. Walichanga gini tano tano, na fundi John Carr akawajengea jukwaa la mawe lenye matao, ambalo sehemu yake ingali imesimama uwanjani hadi leo. Waliochanga wakakaa juu. Wengine wote, yaani mji mzima, wakabaki chini kwenye majani.

Lakini kisa kinachotupendeza zaidi katika kurasa hizi za familia ni cha mwaka 1804. Mwanamke mmoja, Alicia, aliyejulikana kwa jina la Bibi Thornton kwa kuwa aliishi na Kanali Thornton, alimpa changamoto Kapteni Flint washindane mbio za maili nne, mwanamume na mwanamke, kila mmoja juu ya farasi wake. Inasemekana watu 100,000 walifurika Knavesmire siku hiyo ya Agosti. Bibi alipanda farasi kwa kukaa upande, kama adabu za zama zile zilivyowalazimisha wanawake, na akaongoza sehemu kubwa ya safari kabla farasi wake hajaishiwa nguvu. Flint alishinda. Bibi Thornton hakunyamaza: aliandika gazetini kwamba mpinzani wake hakumtendea uungwana njiani, akamtaka warudiane.

Flint hakurudi. Yeye na Kanali walikuwa wakigombea fedha za dau, Kanali akishikilia kwamba sehemu kubwa ya dau hilo ilitangazwa kwa kuvuta watu tu. Mwaka uliofuata Kapteni alimkuta Kanali uwanjani, akamchapa mjeledi mbele ya hadhara. Katika mkutano huo huo wa mwaka 1805, Bibi Thornton alishindana na Frank Buckle, mpanda farasi hodari kuliko wote wa siku zake. Ni kweli Buckle alibebeshwa uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo Bibi alimshinda kwa nusu ya shingo ya farasi. Baada ya hapo wanawake wa Uingereza walingoja mpaka mwaka 1972 ndipo waliporuhusiwa rasmi kushindana kama wapanda farasi. Miaka 167! Hesabu hiyo waionyeshe binti zao wale wanaosema mambo hujirekebisha yenyewe.

Baadaye mbio za York zilidorora. Mwaka 1842 iliundwa Kamati ya Mbio, na mwaka uliofuata msimamizi John Orton akaanzisha shindano la Ebor, ambalo jina lake ni kifupi cha jina la Kirumi la mji huo. Kufikia mwaka 1851, watu zaidi ya 100,000 walikuja kuwaona farasi wawili tu, The Flying Dutchman na Voltigeur, wakimaliza ubishi wao. Wa kwanza alishinda kwa urefu wa farasi mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Uingereza ina viwanja vya mbio za farasi zaidi ya 50, na kiasi cha nusu yake vimo mikononi mwa makundi mawili makubwa. York hauko katika kundi lolote. Ardhi ya Knavesmire ni ya mji. Waendesha mbio ni wapangaji, na faida yao hurudi uwanjani. Kwa njia hiyo yalijengwa majukwaa ya mwaka 1965, 1989, 1996 na 2003. Mwaka 2005, Ascot, uwanja wa kifalme, ulipokuwa ukijengwa upya, mbio zake zilihamia York, na njia ikaongezwa ili farasi waweze kuuzunguka uwanja mzima.

Hata hivyo kinamasi hakisahau asili yake. Agosti 2008 mvua iliutuamisha uwanja, na mkutano wote wa Ebor ukafutwa. Hasara ilikuwa kubwa, na shindano lake kuu la kimataifa likakimbiwa Newmarket. Kamati haikuweka viraka. Mitaro ya kutoa maji ilichimbwa upya na udongo wa njia ukatengenezwa. Juu ya njia hiyo, Agosti 2012, farasi Frankel, ambaye hakushindwa hata mara moja katika maisha yake ya mbio, aliwaacha wenzake nyuma kwa urefu wa farasi saba.

Hatuandiki haya kusifu kamari. Mchezo huu hauendi bila dau, na mishahara mingi ya wavujajasho wa Uingereza imepotelea kwenye kwato hizo. Bila shaka nguo za hariri na mvinyo wa jukwaani havimhusu dereva wa basi wa York. Kinachomhusu ni siku nyingine za mwaka. Mbio huchukua siku chache tu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Zinapokwisha, watu hurudi Knavesmire kutembeza mbwa wao na kucheza mpira. Jumamosi asubuhi mamia ya wakazi, wazee kwa vijana, hukimbia hapo kilomita tano kwa miguu yao wenyewe, na hakuna anayewadai kiingilio.